Jiwe la Kumi na Moja

Binti yangu ndiye aliyenisomea tangazo. Ilikuwa Jumapili mchana, tumemaliza kula, yeye kashika simu, kidole kinapanda na kushuka kama kinajikuna. Akasema, "Baba, kule hifadhini kwenu wanapaka rangi." Nikamuuliza hifadhi inapakwaje rangi, au wameamua kupaka na bahari. Akasoma kwa sauti kwamba uongozi unawatangazia wageni wote kuwa mawe ya umbali kwenye njia ya kwenda rasini yatakwanguliwa, yatapakwa rangi na kuandikwa namba mpya kuanzia kesho Jumatatu, na uongozi unaomba radhi kwa usumbufu.

Nikaweka kikombe chini. Yeye akaendelea na habari za mtu mwingine, hakujua amenisomea nini.

Mawe yale niliyajenga mimi. Mimi ni mwashi. Nimejenga kuta nyingi ambazo wenyewe wameshazibomoa, lakini mawe yale kumi na moja yamesimama mpaka leo. Miaka ishirini na sita iliyopita hifadhi ilitaka jiwe moja kila kilomita, kuanzia langoni mpaka kwenye ncha ya rasi, kwa sababu njia ni ya mchanga, upepo unaifuta, na wageni walikuwa wanapotelea vichakani. Nikayajenga kwa kokoto na saruji, kimo cha goti, uso nimeusawazisha na kuupaka chokaa. Namba, wakubwa wakasema wataleta mtu wao. Tukasubiri wiki tatu. Mtu hakuja kwa sababu brashi ilikuwa haijasainiwa. Ndivyo nilivyoambiwa, neno kwa neno: brashi haijasainiwa.

Basi mke wangu akachukua rangi nyeusi iliyobaki tulipopaka mlango wetu, akachukua na brashi, akapanda nyuma ya baiskeli yangu, tukaenda. Aliandika namba zote siku ile ile. Mimi niliishia darasa la pili, kazi yangu ilikuwa kushika kopo. Yeye alimaliza la saba na mkono wake ulikuwa umetulia kama wa fundi cherehani. Moja yake ilikuwa na kofia juu na kiatu chini. Nane yake ilikuwa vyungu viwili, kimoja juu ya kingine. Na kila namba aliimalizia kwa nukta. Nilimuuliza ya nini. Akasema mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa anawachapa wasioweka nukta, sasa mkono unaiweka wenyewe, yeye hauulizi tena.

Tangu hapo, kila mwaka mara moja tulikuwa tunakwenda, yeye nyuma na kopo lake, anarudishia palipofifia. Hakuna aliyetutuma. Wakubwa wa hifadhi walibadilishwa mara sita na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini namba zao hazifutiki.

Amefariki miaka miwili sasa. Daktari mkuu alikuwa kwenye semina na ufunguo wa chumba cha dawa ulikuwa naye huko huko, mfukoni, unasikiliza semina. Sitaki kuendelea na hilo, nikianza sitamaliza.

Ila ninachotaka kieleweke ni hiki. Mtu unayelala naye kitanda kimoja kila siku hakuandikii barua. Kwa hiyo sina barua yake hata moja. Daftari lake la mambo ya nyumbani lilikuwa juu ya kabati, na juu ya kabati paa lilivuja, na paa ofisi ya nyumba walisema wamelipokea. Walipokea malalamiko, paa likaendelea kuvuja. Daftari likawa uji. Mwandiko wa mke wangu uliobaki duniani ulikuwa kwenye yale mawe, umekolea brashi juu ya brashi kwa miaka ishirini na minne, unene ambao ukipitisha kidole unausikia. Binti yangu alikuja kuniambia baadaye kwamba angekwenda kunipigia picha. Picha ya kukaa kwenye simu ambayo imeshaanguka ndooni mara mbili.

Jumatatu alfajiri nikatia nyundo na tindo kwenye mfuko, nikafunga mfuko kwenye keria, nikapanda baiskeli. Nia yangu ilikuwa moja: nibanje uso wa jiwe moja tu, popote nitakapowahi, niurudishe nyumbani. Niliujenga mimi, najua unavyotoka.

Kutoka kwangu hadi lango ni kilomita tisa, na lango lenyewe ni jipya. Zamani lilikuwa pale lami inapokufa na mchanga kuanza, mita chache kutoka ufukweni. Mkuu mmoja, wa nne au wa tano, gari lake lilikwama mchangani mara mbili, akaona dawa ni kulirudisha lango nyuma kilomita mbili mpaka kwenye umeme na kivuli. Mawe yakabaki yalipo. Ndiyo maana ukitoka langoni siku hizi unatembea kilomita tatu kabla hujafika jiwe lililoandikwa moja. Kazi yangu ya kamba na vipimo ikaonekana ya mlevi.

Langoni kuna mlinzi, mama mmoja wa makamo, mpole, anaongea kama mtu anayekutoa mwiba. Nilimsalimia, nikataka kupita. Akaniambia mzee samahani, mtu mmoja haruhusiwi kuingia. Nikamuuliza tangu lini. Tangu Januari, kuna mgeni alipotea akiwa peke yake, sasa wanaingia kuanzia watu wawili. Nikamwambia njia hii naijua kuliko aliyeandika hiyo sheria, aliyeandika hajawahi hata kutia mguu mchangani. Akasema anaelewa, lakini mtu mmoja ni mtu mmoja. Nikauliza, na wawili wakipotea wote wawili? Akafikiri kidogo, akasema hilo halijaandikwa.

Kisha akaona mfuko. Vifaa vya ujenzi navyo haviingii. Akapokea nyundo na tindo kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, akaviweka rafuni na kunipa karatasi yenye namba.

Nikamuuliza kwa nini mawe yanaguswa baada ya miaka yote hii, nani alilalamika. Uso wake ukafunguka, kama aliyekuwa anangojea swali hilo tangu asubuhi.

"Wewe, mzee. Si wewe ndiye uliyeandika?"

Akatoa kitabu cha maoni, kile kinene kinachofungwa kwa kamba mezani kama mbuzi. Akafunua kurasa za mwaka jana, akaweka kidole. Mwandiko ulikuwa wangu, umelala huku na huku kama uzio ulioegemewa na ng'ombe. *Tangu muhamishe lango mawe yanadanganya. Rekebisheni.* Na nukta mwishoni.

Nilikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa nimekwenda na binti yangu, mara ya kwanza tangu msiba, na nilikuwa na hasira na kila kitu chenye mguu au muhuri. Kusoma na kuandika kwa maana, mke wangu ndiye aliyenifundisha, mezani kwetu, jioni hata jioni, ndiyo maana na mimi naweka nukta. Katika kitabu kile nimelalamikia choo kisicho na kitasa, bomba lisilo na maji, kibanda cha kupumzikia kisicho na paa, gari la mkuu linalokanyaga mayai ya ndege. Malalamiko kama kumi na manne. Wakayaacha yote kama yalivyo, wakalifanyia kazi moja. Hilo.

"Maoni yako yamefanyiwa kazi," mlinzi akasema, na alisema kwa furaha ya kweli, maskini.

Nilitaka warudishe lango. Au wapigilie kibao kimoja langoni: ongeza mbili. Akili ya kawaida. Nikageuza baiskeli.

Nani wa kwenda naye? Binti yangu yuko kazini, anafua shuka za hospitali mpaka Ijumaa. Jirani yangu ana kifua. Akabaki mtu mmoja ambaye nilimzunguka kichwani mara tatu kabla sijakubali kumfikiria: shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Tunamwita Katibu. Hajawahi kuwa katibu wa kitu chochote. Alikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya, anabeba mafaili kutoka mlango huu kwenda mlango ule, lakini miaka thelathini ya kubeba mafaili imemwingia mpaka kwenye mate. Hasemi "nimekuja", anasema "nimewasili". Ukimwomba chumvi anakuuliza matumizi. Na anawapenda wakubwa, wote, wa zamani na wa sasa, na kila ninapowasema anakohoa.

Nilikwenda kwake jioni ile shingo upande. Nilimweleza kifupi: nataka tuende rasini kesho, wanahitaji watu wawili. Habari ya mwandiko sikumwambia. Akaniuliza safari ni ya kiserikali au ya binafsi. Nikamwambia ni ya baiskeli. Akasema atakuja, mradi nitambue kwamba goti lake ni la kumbukumbu, yaani linakumbuka kila jiwe lilipojikwaa.

Jumanne tukatoka kungali giza jembamba, yeye nyuma amekaa upande upande na mwavuli, na koti. Koti la tai, kwenda mchangani. Mlima mdogo wa kwanza nikamwambia ashuke. Akasema mkataba wetu haukutaja kushuka. Nikamwambia shemeji, uzito wako ni wa faili lipi. Akasema la siri. Alikuwa hivyo hivyo tangu nilipomposa dada yake. Aliniomba cheti cha kuzaliwa.

Saa moja tulikuwa langoni. Mlinzi alitupokea vizuri, akatuandika wawili, akatupa karatasi ya masharti. Katibu akaisoma yote, mbele na nyuma, amesimama. Sharti la saba lilisema baiskeli inaruhusiwa kuingia ila hairuhusiwi kuendeshwa, isukumwe, ili kulinda ndege wanaotaga. Wakati huo huo gari la hifadhi likatupita, magurudumu manne, likaingia njia ile ile na kupandisha mchanga mpaka midomoni mwetu. Nikamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama kitabu chake.

Tulisukuma mpaka kona ya kwanza. Lango lilipofichika nikapanda. Katibu akasimama, akaniambia nakiuka sharti la saba. Nikamwambia basi atembee kisheria, tutaonana rasini. Nikakanyaga mara tatu nne, nikasikia keria inazama. Alikuwa amepanda. Akasema anapanda ili kushuhudia kosa, atakapoulizwa.

Jiwe la kwanza lilikuwa limeshapakwa. Jeupe, jipya, linang'aa kama jino la bandia, na juu yake tatu nyeusi ya kibati kilichokatwa, ile unayopachika na kupiga rangi juu, kila upande sawasawa, haina mtu ndani yake. Nilishuka. Nilipitisha kidole. Laini. Walikuwa wamekwangua mpaka kwenye saruji yangu.

Katibu akasema limependeza. Nikapanda tena. La pili limekuwa nne. La tatu limekuwa tano. Nikaacha kushuka, nikawa nakanyaga tu, pale mchanga ulipokuwa mgumu nikikimbiza, pale ulipokuwa laini tukisukuma, na yeye nyuma ananiambia kwamba kwa mtazamo wake kazi imefanyika kwa kiwango, na kwamba tukubali uongozi wa sasa unajituma.

Kwenye jiwe la sita, lililoandikwa nane, nilisimamisha baiskeli ghafla mpaka mwavuli ukamtoka. Nikamwambia.

Sikumwambia vizuri, maana nilikuwa natweta na hasira imenikaba. Nilimwambia kwamba hizi namba zilizofutwa ziliandikwa na dada yake. Kwamba mimi sina karatasi yake hata ya kufungia karanga. Kwamba huo uongozi wake unaojituma umejituma kumkwangua mke wangu kwa brashi ya waya, kilomita moja baada ya nyingine, na yeye anakaa kwenye keria yangu anapiga makofi. Na kwamba aliyewaita ni mimi, kwa mkono wangu.

Katibu aliokota mwavuli, akaupangusa mchanga polepole, ubavu mmoja mmoja.

"Nilidhani zilikuwa za ofisi," akasema mwishowe.

Hakupanda tena. Alitembea mbele yangu, na goti lake, haraka kuliko nilivyojua anaweza.

Tulimkuta fundi rangi kwenye jiwe la saba, ndiyo kwanza anachomoa kibati. Kijana wa miaka thelathini hivi, kitambaa kichwani, toroli la makopo kando yake, anaimba peke yake. Alitusalimia kwa adabu, shikamoo mbili. Jiwe la nane lilikuwa mbele bado halijaguswa, na nilikuwa nimeshapanga maneno njiani, lakini yalipotoka yalitoka kama ugomvi. Nikamwambia aache hapo hapo. Akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye niliyeyajenga. Akayatazama mawe, akanitazama, akasema kwa kweli yamejengwa, amevunja brashi mbili za waya.

Nikamwomba aniachie yote yaliyobaki. Kisha nikamwomba mawili. Akavua kitambaa, akajipangusa uso. Alisema anasikitika, mzee wangu, lakini mkuu atapita na gari kesho kukagua, na akikuta jiwe halijapakwa ni yeye atakayerudishwa, na safari ya kuja huku na toroli siyo mchezo. Kisha akauliza, kwa nia njema tu, aliyeandika za mwanzo alikuwa nani, maana mkono ulikuwa mzuri sana isipokuwa ile nukta. Yeye alidhani ni kinyesi cha ndege. Alianza kukwangulia hapo kila mara.

Kama ningekuwa na nyundo yangu ningekuwa naandika haya kutoka kwingine.

Ndipo Katibu akasogea. Alifunga kifungo cha koti. Akamwuliza fundi kama kazi hii ina maandishi. Fundi akachomoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, ina muhuri. Katibu akaishika kwa mbali, akaisoma kama anavyosoma kila kitu, tangu juu mpaka chini mpaka tarehe. Mimi nilikuwa namtazama tu, nimechoka, nikijua ataniambia kila kitu kiko sawa kisheria.

"Mawe kumi," akasoma.

Nikafungua mdomo. Nataka mnielewe hapa. Mimi ni mwashi, na mtu akitaja hesabu ya kazi yangu vibaya ulimi unatoka wenyewe. Maisha yangu yote nimewasahihisha watu hawa. Niliyajenga kumi na moja. Kumi unayaona ukiwa ndani ya gari, kwa sababu baada ya la kumi kuna majabali, gari linageuzia pale kwenye kibanda kisicho na paa. La kumi na moja liko nyuma ya majabali, nusu saa kwa miguu, kwenye ncha yenyewe. Aliyehesabu mawe alihesabu kutoka kwenye kiti. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kufika mwisho wa hifadhi yake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: mjinga gani huyu aliyehesabu.

"Kumi na—" nikasema.

Katibu akanikanyaga. Kwa kisigino, kwa uzito wote wa lile faili la siri.

"Kumi," akamwambia fundi, na kumrudishia karatasi. "Idadi ni sahihi. Na ukimaliza la kumi, kijana wangu, geuza. Usiongeze wala usipunguze. Kazi ni maandishi."

"Ndiyo, mheshimiwa," fundi akasema. Lile koti.

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kusema uongo wa ofisi maishani mwake. Aliwahi kurudi ofisini kwa miguu usiku kucha kurudisha kalamu. Tulipoachana na fundi hatua mia, nilimwona anajipangusa jasho shingoni.

La nane tulisimama. La tisa tulisimama. La kumi tulisimama. Sikubanja kitu, sikuwa na cha kubanjia. Nilipitisha kidole kwenye vyungu viwili vya nane, juu, chini, halafu nukta. Katibu akapitisha chake. Akasema hii nukta anaikumbuka, dada yake alikuwa akimwandikia jina kwenye daftari la shule na kuweka nukta, na watoto wenzake walimcheka kwamba jina lake limekwisha. Mwalimu mmoja mjinga, nikasema, ona alivyofika mbali. Akasema mwalimu yule alikuwa mtumishi wa umma. Basi akawa amerudi kuwa yeye.

Baiskeli tuliiacha kibandani. Majabali yalitutesa. Goti la Katibu lilikumbuka kila kitu. Mara mbili nilimvuta mkono, mara moja alinisukuma kwa mwavuli nyuma, na nilimtukana kidogo na yeye akaniambia atalitolea taarifa. Upepo kule ncha unavuma chumvi moja kwa moja machoni, hakuna kiti, hakuna kivuli, hakuna kitu chochote cha kumfanya mkubwa aje.

Jiwe lilikuwa pale. Chokaa imepauka, upande wa bahari umeliwa na chumvi, lakini uso uko sawa. Zile moja zake mbili zimesimama pamoja, kumi na moja, kila moja na kofia yake na kiatu chake. Kisha nukta, kubwa kuliko zote, kwa sababu hapo rangi ilikuwa inakwisha na aliikamulia brashi yote mahali pamoja. Alikuwa amekaa chini siku ile, miguu ameinyoosha, akasema basi, tumefika, hakuna tena mbele, tusipojenga baharini. Nilikaa alipokaa. Katibu alifungua mwavuli, akaushikilia juu ya jiwe, siyo juu yetu, mpaka upepo ukaugeuza nje ndani.

Tuliporudi fundi alikuwa anamalizia la tisa. La nane limekuwa kumi, limenyooka, halina nukta. Sikushuka. Akatupungia brashi. Alituambia amebakiza moja tu, na atafurahi kumaliza, maana kazi hii imekaa kama haina mwisho.

Na hapo ndipo hasira nyingine ilipoanza, ambayo ninayo mpaka leo. Fikirieni wenyewe. La kumi sasa litaandikwa kumi na mbili. Mgeni atatembea, ataona kumi na mbili, atapanda majabali, atatoka jasho, atafika kwenye ncha ya rasi, atakuta kumi na moja. Atadhani amerudi nyuma. Atadhani aliyejenga alikuwa kichaa, au hakwenda shule. Miaka ishirini na sita najitahidi kazi yangu isiwe na kosa, na sasa ina kosa kubwa kuliko yote waliyowahi kufanya, liko wazi mbele ya bahari nzima, na mtu pekee anayeweza kulisema ni mimi.

Langoni mlinzi alinirudishia nyundo na tindo. Nikasaini. Akauliza safari ilikuwaje, na mawe tumeyaonaje sasa, si yanasema kweli? Kisha akanisogezea kitabu cha maoni kabla hata sijaomba, na kalamu akaifungua mwenyewe. Ananijua.

Katibu alisimama nyuma yangu. Nilimsikia ameacha kupumua.

Nilishika kalamu. Choo bado hakina kitasa, nilipita nikakiona. Kibanda bado hakina paa. Gari limekanyaga mchanga wa ndege leo tena. Lakini nilijua nikianza na choo sitasimamia chooni, nitafika kwenye majabali, najijua. Mkono uliniwasha mpaka kwenye kiwiko. Nikaandika neno moja. *Hakuna.* Nukta ikajiweka.

Mlinzi akalisoma, akalisoma tena. Akaniuliza kama naumwa.

"Amechoka tu," Katibu akamjibu. "Ameridhika na huduma."

Kilomita tisa za kurudi nilikanyaga, na yeye nyuma na mwavuli wake uliovunjika, anahesabu nguzo za umeme kwa sauti ili asisinzie akaanguka. Alihesabu vibaya. Aliruka moja pale kwenye daraja na nyingine mbele ya kinu. Nilimwacha ahesabu.